Kiti cha Nne

Rubani Wanderlei aliingiza kichwa dirishani pa jiko:
"Mjerumani mmoja tumbo limemkataa. Kiti kipo. Panda."
Nikapanda na aproni yangu, unga bado kwenye kucha,
mimi niliyewapikia kwa miaka kumi na tisa
watu wanaokuja kuutazama mto wangu kutoka juu.

Kwanza walifukuzwa ng'ombe uwanjani.
Kisha ardhi ikatuachia, hivi hivi, bila kuaga.

Nani angedhani Pantanali ni meza
ambayo wageni wameshaondoka?
Mabwawa ya duara, sahani zimetapakaa,
hii ina mchuzi, ile imebaki na ukoko wa tope,
na mto katikati, uji uliomwagika
hakuna aliyejisumbua kuufuta.
Yangeyange walikuwa chumvi,
mtu kairusha bila kupima.
Mama wa Kijerumani alilia kidogo nyuma ya miwani.
Mimi nilikuwa natafuta harufu.
Kule juu hakuna harufu. Tope halinuki. Samaki hanuki.

Ndipo nikaiona mashua ya Adauto.
Nyekundu, punje ya harage,
saa tatu asubuhi, saa ambayo mume wangu
yuko "kwenye petroli, Nilzete, foleni ndefu",
imefungwa kwenye kona ya mto
niliyoapa kutoikanyaga.

Pale palikuwa kwa mama.
Maji ya mwaka ule yaliingia kwa mlango wa uani
yakatoka na kuta.
Mama akafia mjini, ghorofa ya tatu,
akiuliza kama kuku wamefungiwa.
Nilijua hapajabaki kitu,
na mtu hafungi safari kwenda kuangalia hapajabaki kitu.

Kumbe umebaki mti.
Mmoja, kijani kibichi,
na chini yake chembe ya mtu imenyoosha mikono.

Wanderlei akalaza bawa.
Dirisha likajaa mbingu.

Alasiri tulikuwa mtoni, mimi na kasha la vyakula,
Adauto nyuma kwenye injini,
wageni na kamera zenye pua ndefu.
Fisi maji wakapita wakizozana kama mawifi.
Kapibara wakatukagua kwa sura ya karani wa posta
dakika tano kabla ya kufunga.
Wote walitaka jagwa, na jagwa alikuwepo,
amelala ukingoni, mguu mmoja unaning'inia;
akapiga mwayo, akatuonyesha ulimi mzima,
akageukia upande wa pili.
Mashua yote iliacha kupumua.
Mimi nilikuwa naitazama mikono ya mume wangu.
Mikwaruzo. Myembamba, mipya,
ya miiba.

Kila Ijumaa huniletea ndimu kwenye mfuko wa karatasi.
"Za duka la Benedita," husema. "Zimepanda bei."
Nami huzikamua juu ya samaki nikinung'unika
kwamba Benedita, pamoja na uchoyo wake wote,
ndimu anazijua.

Kwenye njia panda ya maji akashika kushoto,
kama siku zote.
Nikasema, "Kulia."
Injini ikakohoa.
"Kulia hakuna wanyama."
"Najua."

Yule mama akashusha kamera,
akauliza kwa vidole na macho: huko kuna nini?
Nikafikiri niseme nyumba. Nikafikiri niseme kuku.
"Ndimu," nikamwambia,
naye akatikisa kichwa kwa heshima,
akaliandika kwenye orodha yake ya ndege.

Adauto akaikata kona polepole.
Harufu ilifika kabla ya mti.
Akatoa kisu mfukoni, akanipa mpini,
macho yake bado majini.

"Za chini nimezimaliza," akasema.
"Itabidi usimame juu ya kiti."